Tupeane uzoefu: uliunga kompyuta ya gemu, vipuri vikakubaliana?

Mwanzisha mada
Wadau, hamjambo. Mimi na mdogo wangu tumechanga tangu mwaka jana tuunge kompyuta ya gemu, na sasa tunazunguka Luthuli na Moi Avenue hapa Nairobi tukiulizia vipuri. Bei unaweza kuipigania na mwenye duka akakupunguzia. Soketi, yaani tundu la madabodi (bodi kuu) ambamo prosesa, ubongo wa mashine, inakaa, haipunguzwi. Prosesa ya soketi ya AM5 haiingii kwenye madabodi ya AM4 hata mkiombana vipi. Basi naomba kila aliyeunga mashine yake atuambie alichaguaje na nini kilimsumbua.

Nianze mimi. Tumeamua prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600. Ni ya AM4, na madabodi za AM4 za mkono wa pili hazikosekani. Uamuzi huo ulituchagulia na ramu papo hapo: AM4 ni ramu ya aina ya DDR4, AM5 ni DDR5, hakuna mseto. Duka moja walitusukumia DDR5 eti ni mpya zaidi, mashine itakimbia. Tulipofika kwa fundi mmoja mzee akatuwekea vijiti viwili juu ya kaunta, kimoja kimelalia kingine. Urefu ni ule ule, vyote vina pini 288, lakini ule mkato mdogo kati ya pini haulingani. Tangu hapo siulizi tu jina la kitu, naomba nisome maandishi yaliyochapishwa juu yake.

Mdau wa Kasarani
Hongereni kwa 5600. Sasa sikieni habari ya BIOS, ile programu ndogo ya ndani ya madabodi inayoiwasha mashine. Binamu yangu aliuziwa madabodi ya B450 pamoja na prosesa hiyo hiyo. Soketi sawa, ramu sawa. Ukiwasha, feni zinazunguka, skrini giza. Akaambiwa prosesa imekufa. Wapi! B450 ilitoka 2018, 5600 ikatoka 2022, na BIOS iliyokuwa kwenye bodi ile ilikuwa ya zamani, haiitambui prosesa hiyo. Tulimwomba fundi apachike Ryzen ya zamani, akasasisha BIOS, akarudisha yetu, ikawaka. Kuna bodi zenye kitufe kwa nyuma cha kusasisha BIOS kwa flashi bila hata kuwa na prosesa. Mkiipata ya namna hiyo, ongezeni pesa kidogo mchukue.

Halafu 5600 haina grafiki ndani yake. Bila kadi ya grafiki, monita haitaonyesha kitu. Yenye grafiki ni 5600G.

Mama wa Buruburu
Wanangu, mimi ni fundi cherehani, futi haitoki shingoni. Kijana wangu alipotaka kadi ya feni tatu nilimwambia tupime kwanza. Kesi, lile sanduku la mashine, ilikuwa tayari nyumbani. Tukaifungua, nikapima kutoka kwenye mabati ya nyuma, pale kadi inapofungwa skrubu, hadi kwenye feni za mbele. Kijana alikuwa amepima hadi ukuta wa kesi, nikamwambia hapana, feni nayo ina unene wake, milimita 25. Tukaandika kipimo kwenye karatasi, tukaenda nacho mjini. Kadi aliyoipenda ilizidi. Muuzaji alisisitiza itaingia tu. Nikatoa futi nikaipima mbele yake, akanyamaza, akatutolea ya feni mbili yenye chipu ile ile. Ndiyo anayoichezea hadi leo, na gemu zake zote zinaenda.

Pimeni na kimo cha hitisinki, kile chuma cha kupoza prosesa. Ile minara mirefu hufika milimita 160 hivi, na kesi nyembamba hazifungi ubavu.

Mdau wa Umoja
Kwa mwenye bajeti ndogo: kuna wanaonunua mashine ya mtumba ya ofisini kisha wanaongeza kadi. Inawezekana, ila nyingi pawa saplai yake, kile kisanduku cha kugawa umeme ndani ya mashine, ni ndogo, na plagi ya kwenye madabodi ni ya kampuni yenyewe, huwezi kubadilisha kwa ile ya kawaida. Mimi nilichagua GTX 1650 isiyo na tundu la waya wa umeme. Sloti ya kadi kwenye madabodi hutoa hadi wati 75, na hiyo inaitosha. Kama kesi ni ile nyembamba, tafuta kadi fupi ya kimo cha nusu.

Fundi wa Roysambu
Naona kila mtu anaanza na kadi. Mimi wateja wangu nawaanzisha na pawa saplai, maana mashine ikifa mara nyingi hapo ndipo napoanza kuchunguza. Chukueni RTX 3060: kadi yenyewe ni wati 170, prosesa ya 5600 ni 65. Ukijumlisha na vingine, pawa saplai nzuri ya wati 550 inatosha na kubaki. Nasema nzuri, kwa sababu kuna zinazoandikwa 600 na ni nyepesi mkononi kama mkebe mtupu. Iinue kabla hujalipa.

Waya nazo. Wa prosesa ni wa pini 4+4, wa kadi ni 6+2. Zinafanana, ila hazibadilishani. Ukiona plagi inakataa, usiisukume. Na kama pawa saplai ni ile ya waya za kuchomoa, usiazime waya za nyingine. Plagi inaweza kuingia vizuri kabisa na bado mpangilio wa volti ndani ukawa tofauti. Nimeletewa diski zilizoungua hivyo, na picha za harusi za mtu zikaenda nazo. Inauma sana.

Kwa sababu ya stima kupotea wekeni UPS, ile betri ya kuishikilia mashine stima ikikatika, lakini someni wati, si VA. VA 650 si wati 650.

Mdau wa Kasarani
Fundi, na wanaotumia prosesa za Intel je?

Fundi wa Roysambu
Soketi yao ya LGA1700 hubeba prosesa za kizazi cha 12, 13 na 14, ila bodi zake ziko za DDR4 na za DDR5. Soma jina lote hadi mwisho, nyingi za DDR4 huandikwa D4. Prosesa yenye F mwishoni haina grafiki.

Mwanzisha mada
Asanteni sana, Mama tutakuja na futi. Fundi, swali moja: tumepata SSD (diski ya kuhifadhia) ya M.2, ile ya umbo la kijiti kidogo, muuzaji anasema M.2 zote ni sawa.

Fundi wa Roysambu
Umbo tu ndilo sawa. Kuna inayozungumza na bodi kwa njia ya SATA na ya NVMe, na si kila tundu linakubali zote mbili. Tafuta kitabu cha bodi yako mtandaoni, ukurasa wa M.2. Humo pia wataandika kama ukijaza tundu hilo kuna milango ya SATA inayozimika. Nitumie jina la bodi tusome pamoja kabla hujalipa.