Basbusa ya suji kwa jiko la mkaa: shira haiingii, nimekosea wapi?

Binti_Pangani
Assalaam alaykum. Naombeni msaada kabla ya Ijumaa. Mama yangu yuko kwangu hapa Tanga, ana miaka 74 na meno ya nyuma hana tena. Ametamani basbusa, kile kitamu cha suji kinachookwa kisha kikanyweshwa shira ya sukari, ile inayolainika mdomoni yenyewe.

Jumapili nilijaribu: suji vikombe 2, sukari kikombe 1, mtindi kikombe 1, samli nusu kikombe, beking pauda kijiko cha chai kimoja na nusu, nazi kavu kiasi na iliki. Nikakoroga kwa mwiko mpaka mkono ukauma, nikaitia motoni papo hapo. Sina oveni, naoka kwa mkaa na makaa mengine juu ya kifuniko. Ilikaa saa nzima. Nilisubiri ipoe kabisa ndipo nikamwagia shira, na shira yenyewe nilishaipika asubuhi. Ikabaki inang'aa juu tu, ndani pakavu kama mkate wa juzi. Mama alichovya kipande kwenye chai, akaniambia "nzuri, mwanangu", ila nusu yake niliikuta kisahanini. Iliniuma sana. Ijumaa tutakuwa watu tisa, baada ya pilau.

Bibi_wa_Mombasa
Waalaykum salaam mwanangu. Vipimo vyako viache vilivyo. Tazama mkono wako na saa yako.

Suji ni ngano iliyovunjwa chembe chembe, hainywi maji haraka kama unga. Yeyusha samli, mimina kwenye suji, sugua kwa viganja mpaka kila chembe iwe na mafuta, ifanane na mchanga wa pwani maji yakishakupwa. Tia sukari, nazi, iliki na beking pauda, kisha mtindi. Geuza mara chache. Usipoona tena suji kavu, weka mwiko chini. Ukizidi kukoroga, ngano inaanza kunata na ikiiva inakaza. Funika nusu saa inywe mtindi.

Makaa: machache chini, mengi juu, na kifuniko kipate moto kabla. Dakika 25 chungulia. Saa nzima ni nyingi mno, ndiyo iliyokukaushia.

Shira ndiyo roho yake. Sukari kikombe 1 na nusu, maji kikombe 1, ichemke dakika kumi, ukiepua kamulia nusu ndimu isije ikaganda sukari. Ipike *kabla*, ipoe. Basbusa ikitoka motoni tu, ikate vipande, mwagia shira yote hapo hapo kwa upawa. Utaisikia ikilia chwaaa. Hiyo sauti ndiyo unayoitaka. Vyote viwili vikiwa baridi, hakuna kinachomnywa mwenzake. Halafu funika, usiiguse saa mbili.

Kaka_Kinondoni
Dada, mimi huongeza mayai mawili na inapanda vizuri sana. Jaribu.

Bibi_wa_Mombasa
Inapanda, baba, lakini hapo umeshaoka keki ya suji. Keki ni tamu, sikatai. Mama huyu ameomba basbusa.

Mpemba_Maskati
Bibi kasema kweli. Nami naongeza: angalia suji uliyonunua. Kama ni ile nene, iloweke na mtindi saa nzima, nusu saa haitoshi. Huku Maskati madukani nachagua kati ya nyembamba na nene, nami huchanganya nusu kwa nusu. Jirani zangu kutoka Sham (Syria na nchi za jirani yake) basbusa huiita harisa. Mara ya kwanza nilipoalikwa harisa nilikwenda nikitarajia boko boko la ngano na nyama, nikaletewa hii, na lozi juu ya kila kipande. Mwekee mama lozi, ila zimenye na uzisage kwa ajili ya meno yake.

Binti_Pangani
Nimerudi kushukuru. Suji ilikuwa nene kweli, nikailoweka saa nzima. Dakika 35 motoni ikatosha. Nilipomwaga shira ililia, bibi, mpaka wanangu wakaja mbio jikoni! Lozi nilizisaga, nikanyunyiza.

Mama amekula vipande viwili bila chai, kisha akapitisha kidole kisahanini kuifuta shira iliyobaki. Vya upande mmoja vilikaza kidogo, nadhani makaa ya chini yalielemea huko. Ijumaa ijayo nitayapunguza, maana ameshaniuliza kama suji imebaki.