Mjadala: Mtoto wa miaka 19 anaimba soul, hayo maumivu ameyaishi lini?

Wadau tuliongee hili maana linanikera. Kila kijana wa soul, ule muziki wa hisia kali uliotoka kwa Wamarekani weusi, anayejiandikia nyimbo akitoa albamu ya kwanza maneno ni yaleyale, sauti anayo ila umri bado, anaimba mambo ya watu wazima, akue kwanza ndo arudi. Mi nakataa kabisa.

Kwanza huu muziki umebebwa na watoto tangu zamani. Aretha Franklin alirekodiwa akiimba injili kwenye kanisa la baba yake akiwa na miaka 14. Betty Wright alitoa albamu ya kwanza 1968, naye 14. Leo hao ndo tunawaita mama zetu wa soul, sijasikia mtu anasema walikuwa wanaigiza.

Njoo kwa wanaojiandikia. Adele albamu yake ya kwanza, 2008, aliipa jina la umri wake, 19, na wimbo wa Hometown Glory uliomo humo aliuandika ana 16, peke yake. Alicia Keys alikuwa na 20 albamu yake ilipotoka 2001 na mwaka uliofuata akaondoka na tuzo tano za Grammy. Sasa hao wangeambiwa wasubiri wakue, wakue mpaka lini?

Najua mtaniletea Bill Withers. Ni kweli, albamu ya kwanza kaitoa 1971 ana miaka 32, ametoka jeshi la majini, anafanya kazi kiwandani, hata picha ya jalada yupo hapo kazini kashika kiboksi chake cha chakula cha mchana. Nampenda sana yule mzee na sibishi kwamba maisha yanasikika mle ndani. Ila kilichombeba sio ile 32, aliandika anachokijua, na kijana naye kuna anachokijua ambacho sisi tumeshakisahau. Mtu wa miaka 19 akiachwa mara ya kwanza hana pa kulinganishia, hajui kama yanapita, yeye anaona ndo basi tena, na huko kuamini kwake ndo kunakopasua sauti kwenye kiitikio. Ukishaachwa mara tatu huwezi kuandika hivo hata ulipwe, maana unajua kabisa baada ya miezi kadhaa utakuwa unacheka na watu.

Ninachokubaliana na nyie ni kimoja tu, kuna albamu za vijana zinasikika kama nguo ya kuazima, na hapo mimi nalaumu maneno waliyopewa, sio umri. Joss Stone alianza 2003 ana 16 na albamu nzima ni nyimbo za watu wengine, sauti ile inatisha lakini mimi nilikuwa nawaza huyu binti mwenyewe anataka kusema nini? Mwaka uliofuata akaja na nyimbo ambazo nyingi ameshiriki kuziandika ndo nikaanza kumsikia yeye.

Na lebo, yaani kampuni zinazotoa muziki, nazo zina mkono hapa. Amy Winehouse alikuwa na miaka 20 ilipotoka albamu yake Frank, 2003, akaja kusema wazi kwamba anaikubali kwa asilimia 80 tu kwa sababu kuna nyimbo na miksi ziliwekwa humo ambazo yeye hakuzitaka. Albamu yake mwenyewe! Kwa hiyo kijana akisikika mzee kuliko alivyo, kabla hujamnyooshea kidole ulizia nani alichagua nyimbo, nani kaongeza tarumbeta na ile mikwaruzo ya santuri ya zamani juu ya gitaa lake moja.

Sasa nyie wa upande wa umri, msiniletee mwaka wa kuzaliwa. Chukua albamu ya kijana yeyote unayeona anaigiza, nitolee mstari mmoja alioandika yeye mwenyewe ambao unaona sio wake, tuujadili huo.