Naomba ushauri: mchezo wa kukisia kinachounganisha nyimbo

Wakuu, habari za jioni. Niko Kirumba, Mwanza. Kila Jumamosi majirani tunakutana kwa mchezo: napiga nyimbo tatu, mojamoja, na timu zinakisia kinachoziunganisha. Ukipata mapema, pointi nyingi.

Juzi nilianza na "Georgina", kisha "Zuwena". Mzee mmoja akanyanyuka hapohapo: "Zote za Marijani Rajabu!" Ni kweli kabisa. Lakini wimbo wa tatu ulikuwa "Salome" wa Diamond Platnumz na Rayvanny, wa 2016, na jibu langu lilikuwa majina ya wanawake. Nikamnyima pointi. Mzee akaondoka kimya, na imeniuma sana, maana ndiye anayetufundisha muziki wa zamani.

Je, jibu sahihi kwa nyimbo mbili za kwanza lipewe pointi, au lazima libebe zote tatu? Nimewaza kuweka nyimbo nne ili jibu la pili linalowezekana, kama hilo la mwimbaji mmoja, lijifunge mapema, ila vijana watachoka.

Pia, nichanganyeje ili vijana wasiojua dansi la zamani wasiachwe nyuma? Jumamosi ijayo nataka nimfuate mzee kwake na sheria iliyonyooka.