Ushahidi uko Dubai, mtu yuko mahabusu: nani anamchelewesha nani?

Mleta mada:
Wadau, salaam. Juzi nilikuwa mahakamani hapa mjini kwa ajili ya shemeji yangu, kesi ya utakatishaji fedha. Jina likaitwa, mwendesha mashtaka akasimama na yale maneno ambayo hata mwanangu wa darasa la nne ameshayakariri: upelelezi haujakamilika. Tarehe nyingine. Hazikufika dakika mbili, karandinga likaondoka naye. Kosa lenyewe halina dhamana.

Kinachosubiriwa ni taarifa za miamala za benki moja ya Dubai. Tuna sheria ya kusaidiana katika makosa ya jinai tangu 1991, na ombi linapita kwa Mwanasheria Mkuu. Likifika huko linasomwa na wanasheria wao, linapita mahakama yao, ndipo benki iguswe. Naona polisi wa nchi mbili waruhusiwe kuombana ushahidi moja kwa moja. Mnasemaje?

Wa Buguruni:
Naunga mkono. Hela inahama kwa kubonyeza simu, sisi bado tunagonga mihuri. Interpol wana ofisi ya kanda hapo Nairobi tu, wapigiwe.

Wakili wa Ilala:
Mleta mada, pole kwa shemeji. Ila Interpol atakwambia mtu yuko wapi na gari gani limeibwa. Hilo linamsaidia mpelelezi. Hakimu anataka karatasi: nani kaitoa, kwa mamlaka gani, imepita mikononi mwa nani. Ikija kwa WhatsApp ya afisa mwenzake, mimi upande wa utetezi naipinga asubuhi, mchana imeshatupwa nje.

Na njia za mkato tumeziona zinavyogharimu. Agosti 7, 1998 ubalozi wa Marekani ulilipuliwa hapa Dar, watu 11 wakafa. Mtanzania mwenzetu, Ahmed Ghailani, kesi yake ya ulipuaji huo ilisikilizwa New York mwaka 2010. Waendesha mashtaka walikuwa na shahidi kutoka hapa hapa, wa kusema ndiye aliyemuuzia baruti. Jaji Lewis Kaplan akamkataa, kwa sababu shahidi alipatikana kutokana na maneno ambayo Ghailani alishurutishwa kuyasema akiwa mikononi mwa CIA. Mashtaka zaidi ya 280, akatiwa hatiani kwa moja tu. Kweli hilo moja lilimpa kifungo cha maisha, lakini familia zilizofiwa hazikusikia neno "hatia" kwa mauaji.

Wala mikataba si mibovu. Ule wa Palermo wa mwaka 2000, yaani mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu wa kupangwa unaovuka mipaka, kifungu cha 18, unakataza nchi kukataa ombi kwa kisingizio cha siri ya benki, na unaruhusu shahidi asikilizwe kwa video. Mara nyingi ombi linakwama kwa sababu limeandikwa ovyo: akaunti haitajwi, tarehe hazipo, kosa halielezwi kwa namna ambayo wenzetu nao watalitambua kuwa ni kosa kwao. Linarudishwa, mwezi umekwenda.

Wa Buguruni:
Kumbe tatizo ni insha!

Mleta mada:
Wakili, umenibadilisha nusu. Barua ipite njia yake. Sasa niulize upya: kwa nini mtu akamatwe na kushtakiwa kwanza, halafu ndiyo barua iandikwe? Kama taarifa za Dubai ndiyo kesi yenyewe, zitangulie. Mkihofia, chukueni pasipoti yake.

Wa Buguruni:
Pasipoti? Njia za panya za Namanga na Horohoro zinaulizia pasipoti? Ukimwacha nje siku barua inarudi, yeye ameshakula Pasaka Mombasa.

Wakili wa Ilala:
Hilo ni hoja, sikatai. Ila hatari ya kutoroka ni ya kupimwa na hakimu, mtu kwa mtu. Kosa likinyimwa dhamana na sheria, hakimu hana cha kupima.

Mleta mada:
Apimwe basi. Ana watoto watatu na duka la vipuri Gerezani (mtaa, jamani, siyo jela). Duka sasa linafunguliwa na dada yangu, hajui hata bei ya bearing. Tarehe yetu ni Alhamisi ya wiki ijayo.