Mkiulizwa kitabu kimewagusaje mnatapika mwongozo wa mtihani. Nimechoka!

Wakuu, salamu kwenu. Sikuja kumtukana mtu, ila leo nitasema kwa ukali, maana jambo hili limenikaa kooni muda mrefu.

Kwenye kundi moja la wasomaji nilimo, dada mmoja kauliza swali zuri kabisa: aliyesoma Rosa Mistika, alijisikiaje alipofunga kitabu? Mtu wa kwanza akajibu, "Mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa kuonesha athari za malezi mabaya." Wa pili, "Dhamira kuu ni malezi, dhamira ndogondogo ni ulevi, mapenzi na nafasi ya mwanamke katika jamii." Wa tatu akatupia faili la pdf, uchambuzi mzima, wahusika wamepangwa kwa namba za Kirumi. Watu wakaanza kumshukuru: ubarikiwe mkuu, haya ndiyo madini. Dada wa watu akanyamaza, na mjadala ukaishia hapo.

Jamani, kauliza mlijisikiaje! Hakuuliza dhamira. Ni sawa na mtu kuulizwa msiba wa kwao ulikwendaje akajibu kwa kutaja idadi ya viti na maturubai. Na waliojibu si watoto wa kidato cha nne. Ni watu wazima, wana kazi zao, wengine wana mabinti wanaolingana na Rosa.

Hebu tukumbushane ni kitabu gani hicho. Kezilahabi alikitoa mwaka 1971 na kikapigwa marufuku shuleni, kwa sababu kilisema mambo ambayo wakubwa hawakutaka yasemwe mbele ya vijana. Kitabu kilichowahi kutisha watu namna hiyo sisi tumekigeuza orodha. Zakaria, baba yake Rosa, mlevi, mtu ambaye nyumba imemshinda, anakuta barua ambayo Charles kamwandikia binti yake, anampiga. Kosa la Rosa ni kuandikiwa barua na mvulana. Niliposoma pale nilikiweka kitabu chini nikatoka nje kwanza, nilikuwa nataka kumshika Zakaria shati. Halafu miaka inapita, binti kakulia kwenye woga, kaachiwa ghafla duniani bila mtu wa kumwelekeza, kaharibikiwa, na Charles yuleyule anakuja kumkataa kwa kuwa si bikira. Rosa anajiua. Sasa mtu unamaliza hapo, unafunga kitabu, na cha kwanza kinachokutoka mdomoni ni "mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa"?

Kuna mzee mmoja kwenye kundi hilohilo aliandika kwamba Rosa alijitakia, alipelekwa shule akaenda kufanya umalaya. Aliniudhi kupita kiasi, tulibishana mpaka usiku mkubwa. Lakini huyo mzee namheshimu kuliko wale wengine wote, kwa sababu alisema la moyoni mwake. Nilijua nabishana na mtu, nilijua kwa nini anasema hivyo, na mimi nikalazimika kurudi kwenye kurasa kutafuta pa kumjibia. Na unajua aliyekemewa na viongozi wa kundi ni nani? Ni yeye na mimi, tukaambiwa tunatoka nje ya mada. Mwenye pdf ndiye aliyebaki ndani ya mada!

Lakini mfano unaoniuma kuliko wote ni Takadini. Sisi tuliosoma sekondari Tanzania miaka ya karibuni, karibu wote tumepita kwenye kitabu hicho cha Ben Hanson. Sekai kakaa miaka kwenye ndoa bila mtoto huku wake wenzake wanazaa. Mwisho anapata mtoto wa kiume, na mtoto ana ualbino. Kwa mila za pale mtoto wa aina hiyo haachwi aishi. Mama anambeba, anatoroka naye.

Kisa ni cha Zimbabwe, ila sisi tulikisoma Kanda ya Ziwa, si miaka mingi baada ya 2007 na 2008, wakati watu wenye ualbino walikuwa wanauawa na kukatwa viungo mikoa yetu hiihii, Mwanza, Shinyanga na kwingine, kwa ajili ya waganga na watu wenye uchu wa utajiri. Watoto walikuwa wanahamishwa makwao kupelekwa shule za bweni zenye uzio ili wasiwindwe. Hakuna aliyekuwa hajui.

Darasani kwetu alikuwepo mwenzetu mwenye ualbino. Alikaa dawati la mbele kwa sababu ya macho. Mwalimu kasimama ubaoni: "Tajeni mila potofu zinazojitokeza katika Takadini." Tukanyoosha mikono, tukataja, akaandika kwa chaki, tukanakili. Yule mwenzetu naye akanakili, kainama mpaka pua inakaribia kugusa daftari. Kengele ikalia, akaingia mwalimu wa jiografia. Hakuna aliyesema "mwalimu, mimi kitabu hiki kimenitisha." Hakuna aliyethubutu hata kusema kimemhuzunisha. Hadithi ya mama anayekimbia na mwanawe asiuawe ilisomwa mbele ya mtoto ambaye mama yake alikuwa anamsindikiza mpaka getini kwa hofu hiyohiyo, na tulichotoka nacho mle ndani ni hoja za mila potofu. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika. Simlaumu yule mwalimu peke yake, naye alikuwa anakimbizana na silabasi. Nalaumu utaratibu mzima uliotufanya tuone hilo ni jambo la kawaida.

Utaratibu wenyewe mnaujua. Karatasi ya mtihani inakuja na orodha ya vitabu, ushairi, riwaya, tamthiliya, na swali ni lilelile kila mwaka limebadilishwa nguo: jadili kauli hii kwa kutumia hoja tatu kutoka kila kitabu. Kwa hiyo kitabu chenyewe hakina kazi. Unakwenda steshenari unatoa fotokopi ya notisi, unakariri hoja zako, unafaulu. Nawajua watu wenye alama nzuri za Kiswahili ambao hawajawahi kushika nakala ya Takadini mkononi. Mwanafunzi wa namna hiyo simlaumu sana, anatafuta cheti. Lakini wewe uliyemaliza shule zamani, hakuna msimamizi anayekuzunguka, hakuna anayekusahihisha, kwa nini bado unaandika kama unayetafuta alama?

Ndugu zetu wa Kenya msicheke, huko kwenu miongozo imejaa maduka ya vitabu kuliko vitabu vyenyewe. Niliwahi kumwuliza jamaa mmoja wa Nakuru kuhusu Tumbo Lisiloshiba, ile hadithi ya Said Ahmed Mohamed iliyobeba jina la mkusanyiko. Nilitaka tuongee kuhusu lile jitu linaloingia Mkahawa Mshenzi na kufyeka chakula chote kilichopo, wenyeji wamekodoa macho. Mimi pale nilisikia njaa na kichefuchefu kwa wakati mmoja, na nikaogopa, maana anakula kwa utulivu, kama mwenye haki. Jamaa akanijibu moja kwa moja, "Jitu linawakilisha wanyakuzi wa ardhi." Sawa, linawakilisha. Sikatai. Lakini kabla ya kuwakilisha, liko pale linakula! Umelionaje likila?

Na ile ya Alifa Chokocho humohumo, Shogake Dada ana Ndevu. Wazazi wanamwamini Safia mno, binti mtulivu, msomi. Shoga yake anakuja kudurusu naye kavaa buibui, mdogo mtu peke yake ndiye anayegundua kwamba shogake dada ana ndevu. Unacheka. Huwezi kujizuia, unacheka kabisa. Kisha mimba, kisha jaribio la kuitoa, na Safia anakufa. Kile kicheko chako kinakugeukia, unajiona na wewe ulikuwa mmoja wa waliokuwa wanatazama pembeni. Hicho ndicho ninachotaka watu waniambie. Wamechekea wapi, na walijionaje walipofika mwisho. Badala yake naletewa "hadithi hii inafundisha vijana waepuke mapenzi kabla ya ndoa."

Hapo ndipo penye kundi la pili linalonichosha, watu wa fundisho. Mtu kasimulia vizuri kwamba hadithi fulani imemliza, anatokea mmoja, "Sasa hapo tunajifunza nini?" Ndugu yangu, mwenzako kalia! Mtu mzima kamlilia mtu ambaye hakuwahi kuwepo, na wewe unataka somo. Wengine wanauliza hivyo hata kwa hadithi za mapenzi za kwenye gazeti.

Na nikigusa hadithi za gazeti natibuka zaidi. Nchi hii watu walisoma, tena walisoma sana. Walisoma visa vya mpelelezi Willy Gamba wa Musiba, walisoma Joram Kiango wa Ben Mtobwa, kitabu kimoja kinazunguka mtaa mzima mpaka jalada limetoka na kurasa za mwisho hazipo, mtu anaulizia kwa waliotangulia kusoma iliishaje. Walisubiri magazeti wapate sehemu inayofuata ya hadithi za Shigongo, na mwenye gazeti alikuwa anasomewa begani na abiria wenzake. Leo ukitaja vitabu hivyo kwenye makundi ya wasomaji, anatokea mtu kukukumbusha kwamba hizo ni riwaya pendwa, si fasihi nzito. Watu wanaogopa. Wanafuta walichoandika. Mtu anayemjua Willy Gamba kuliko anavyomjua shemeji yake anakaa kimya, anajiona mshamba mbele ya mwenye pdf. Nani kawapa ruhusa ya kuwaaibisha watu kwa kitabu walichokipenda? Kama kilimkesheza mtu na taa ya chemli mpaka akakosa usingizi wa kwenda shamba, kilifanya kazi yake, na maelezo ya mtu huyo nayataka kuliko uchambuzi wako.

Halafu mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar anayeandika kwa Kiingereza, kapata Nobeli ya Fasihi. Makundi niliyomo yaliwaka moto siku kadhaa: ni Mtanzania, si Mtanzania, ni Mzanzibari, ni Mwingereza. Nikasubiri mjadala wa vitabu vyake uanze. Haukuanza. Mwaka uliofuata Ida Hadjivayanis katutolea Paradise kwa Kiswahili, Peponi, hakuna tena kisingizio cha lugha, na bado ukiuliza nani ameumizwa na yule mtoto Yusuf, aliyetolewa na baba yake mzazi kulipia deni, unajibiwa kuhusu uraia wa mwandishi.

Msiniambie Waswahili hatuna utamaduni wa kusema tulivyoguswa. Uongo. Aprili 2020 Ken Walibora, mwandishi wa Siku Njema, alipofariki Nairobi nilisoma maombolezo mtandaoni mpaka macho yakauma. Mtu anakumbuka alisoma Siku Njema amejificha nyuma ya jiko. Mwingine anasema safari ya yule kijana Kongowea kutoka Tanga mpaka Kitale kumtafuta baba ndiyo iliyomfanya naye aanze kumuulizia wake. Mwingine hajawahi kufika Tanga lakini anaisikia sauti ya Zainab Makame, mama yake Kongowea, akiimba taarabu. Hakuna aliyetaja tamathali za semi. Kumbe mnaweza! Kumbe mmekaa nayo moyoni miaka yote hiyo, mnangoja mwandishi afe ndiyo mseme. Angeyasikia akiwa hai ingekuwaje? Adam Shafi, Said Ahmed Mohamed na wenzao wameandika miongo na miongo, wanachorudishiwa ni jedwali la wahusika.

Najua watakuja wa kuniambia uhakiki una kanuni zake na hisia si hoja. Sina ugomvi na uhakiki. Wahakiki wa vyuoni wafanye kazi yao, nawasoma na ninafaidika. Ila mhakiki wa kweli naye alianza kwa kushtuka mahali fulani kwenye kitabu, akarudi kutafuta kwa nini kashtuka. Ninyi mnaruka kushtuka, mnachukua majibu ya mtu mwingine, mnayabandika. Huko si kuhakiki, ni kunakili.

Kwa hiyo uzi huu nimeufungua kwa jambo moja. Taja kitabu au hadithi, taja mahali, sema palikufanya nini. Ukichukia sema umechukia, ukichoka katikati ukakiacha sema ulikiachia wapi. Mimi naanza na Vuta N'kuvute ya Shafi. Kila mtu ananisifia Denge, yule mpinga ukoloni, na siasa zake, mimi aliyenishika ni Mwajuma. Yasmin kafukuzwa na ndugu zake wenyewe, Wahindi wenzake, kisa kamkimbia mume ambaye ni mzee wa kumzaa. Anayempokea ni Mwajuma, maskini wa chumba kimoja, bila kumwuliza atalipa nini. Nilimkasirikia mjomba mtu hadi leo sijapoa, na nilitamani Shafi anipe kurasa nyingi zaidi za Mwajuma peke yake. Denge nilimpenda, lakini kuna mahali nilimwona anaijali harakati kuliko Yasmin, mtu aliyelala pembeni yake, na hilo halikunifurahisha.

Aliyemwona tofauti aje anipinge, nipo. Anayetaka kubandika dhamira na falsafa ya mwandishi, atafute uzi mwingine.