Naombeni ushauri: Rwenzururu ya 1962, niite "kujitenga"?

Mwalimu_Kasese: Habari zenu ndugu. Nafundisha Kiswahili sekondari. Juzi wanafunzi walifanya mdahalo kuhusu kujitenga: Katanga 1960, Biafra 1967, Sudan Kusini 2011. Nikaongeza Rwenzururu, ile dola iliyotangazwa kwenye milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda. Jioni mzee jirani akanifuata, ameumia kweli. "Mwalimu, hatukuikimbia Uganda. Tuliikimbia Toro," yaani ufalme uliowatawala ndani ya Uganda. Jumatatu narudi darasani. Nisahihishe vipi?

MamaZubeda_Jinja: Mzee ana hoja. Isaya Mukirania na wenzake walitangaza Rwenzururu tarehe 30 Juni 1962. Uhuru ulikuja 9 Oktoba. Na kabla ya hapo Wakonzo na Waamba, makabila mawili yaliyokuwa chini ya Toro, walikuwa wakiomba wilaya yao tu, wakanyimwa.

Mkalimani_Kla: Mwalimu, anzia kwenye asili ya neno la Kiingereza, *secession*. *Secessio* la Kilatini ni kwenda kando. Mwaka 494 kabla ya Kristo, makabwela wa Roma waliochoshwa na madeni walitoka mjini wakaenda kukaa mlimani. Hawakutangaza nchi. Walirudi walipokubaliwa kuwa na watetezi wao, matribuni. Hii maana ya kumega nchi ilitia mizizi zaidi Marekani, South Carolina ilipojitoa kwenye muungano Desemba 1860. Sasa wafikirie wajumbe wa Kikonzo na Kiamba waliosusia baraza la Toro, Rukurato, mwaka ule ule wa 1962 wakatoka nje. Hiyo kwangu ni ya Roma kabisa, hadi mlima.

Kijana_wa_Fort: Samahani Mkalimani, hapo umeishia nusu. Waliunda serikali, wakatoza kodi, na mapigano yakaendelea miaka mingi ndani ya Uganda huru. Charles Mumbere, mwana wa Mukirania, aliweka silaha chini mwaka 1982. Kwetu Toro watu walikufa pia. Ukiliondoa neno "kujitenga" kabisa, nasi utatuumiza.

MamaZubeda_Jinja: Kijana, pole, hilo ni kweli. Basi Mwalimu, tenga vipindi: *kususia* Rukurato, kisha *kujitenga* na Toro, halafu ugomvi na dola yenyewe. Buganda nayo iweke kando: Lukiiko, baraza la ufalme huo, ilitangaza kujitoa kuanzia 1 Januari 1961, ikabaki kwenye karatasi.

Mwalimu_Kasese: Ahsanteni sana, nyote. Nitaandika "kujitenga na nani?" ubaoni, nianzie hapo. Mzee nimemwomba aje. Amekubali, ila anataka kusema kwa Lukonzo. Nitamtafsiria neno kwa neno.