Tupeane uzoefu: Mliowahi kuishi India, wenyeji walikuwa wanavionaje vyama vyao?

Mwenyeji wa Pune

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa waliosoma India, waliofanya kazi huko, waliopeleka wagonjwa au wenye ndugu kule. Nataka tukusanye tuliyoyasikia kwa wapiga kura wenyewe. Magazeti yetu yakiandika kuhusu India huishia kwa Modi wa chama cha BJP, Rahul Gandhi wa Congress na ukubwa wa uchaguzi: mwaka 2024 walioandikishwa walikaribia milioni 970, wakapiga kura zaidi ya milioni 640, awamu saba. Ni jambo kubwa kweli. Ila mimi nilikaa Pune, jimbo la Maharashtra, na mwenye nyumba wangu alikuwa na machungu ya aina nyingine: kura yake ilihesabiwa vizuri kabisa, kisha ikachukuliwa.

Mzee yule alikuwa mwanachama wa Shiv Sena, chama cha huko Maharashtra, tangu ujana wake. Oktoba 2019 aliupigia muungano wa Shiv Sena na BJP, ukapata wingi wa viti. Vyama vikaanza kugombania kiti cha waziri kiongozi, yaani mkuu wa serikali ya jimbo. Novemba tukaamka siku moja tunaambiwa Devendra Fadnavis wa BJP ameapishwa alfajiri, na naibu wake ni Ajit Pawar wa NCP, chama cha upinzani! Serikali hiyo haikumaliza wiki. Akaingia Uddhav Thackeray wa Shiv Sena, safari hii bega kwa bega na NCP na Congress, wale wale ambao mzee alipiga kura ili wasiingie. Juni 2022 Eknath Shinde akaondoka na wabunge wengi wa Shiv Sena, wakakaa hotelini Surat, kisha Guwahati, upande wa pili wa nchi, mpaka Thackeray akajiuzulu. Mwaka uliofuata Ajit Pawar naye akaipasua NCP. Yote hayo kwa kura ya 2019.

Sheria ya kuzuia kuhamahama ipo tangu 1985. Mbunge akihama peke yake anapoteza kiti, ila theluthi mbili ya wabunge wa chama wakikubali kuungana na chama kingine wanasalimika. Na anayeamua nani amevunja sheria ni Spika, ambaye mwenyewe ni mtu wa chama. Kesi ya kundi la Shinde ilifunguliwa 2022, uamuzi wa Spika ukatoka Januari 2024. Kufikia hapo muhula ulikuwa unaelekea ukingoni.

Kilichomuumiza mzee zaidi ni alama ya chama, ile picha ambayo mpiga kura huitafuta kituoni. Tume ya Uchaguzi ilimpa Shinde upinde na mshale, na mzee alikuwa akiuchora ukutani tangu akiwa kijana. Aliniambia hajui tena akiingia kituoni atafute picha gani.

Karibuni.

Mama Salma, Kisauni

Asante kwa uzi. Mimi nilikuwa Vellore, Tamil Nadu, mwezi wa nne 2019, nimempeleka mamangu kwa matibabu. Siku mbili kabla ya kura, uchaguzi wa Vellore ukafutwa. Watu wa kodi walikuwa wamekamata mapesa mengi yaliyofichwa, yamepangwa kugawiwa wapiga kura. Jimbo zima likapiga kura, Vellore ikangoja hadi Agosti.

Tulipopanga kulikuwa na mama mmoja akitufulia nguo. Nikamuuliza kama ni kweli watu hupokea. Akanijibu bila kuficha uso: hupokea kutoka pande zote mbili, na ndani ya kituo humpigia anayemtaka mwenyewe. Akasema hizo pesa ndizo pekee atakazoziona mpaka uchaguzi mwingine. Ndugu zangu, sikuweza kumlaumu. Yeye hakuona kuwa anauza kura, aliona anadai mapema kwa mtu ambaye hatarudi.

Wenyeji walinitajia pia Thirumangalam, uchaguzi mdogo wa 2009, ambapo husimuliwa kuwa bahasha za pesa ziliingia majumbani pamoja na gazeti la asubuhi.

Kaka Jose

Swali wakuu. Kama wamevichoka vyama namna hiyo, mbona wanajitokeza karibu theluthi mbili?

Mwenyeji wa Pune

Mkuu Jose, kwa sababu kura bado ni silaha ya kumwondoa mtu. 2024 BJP ilitoka viti 303 ikashuka hadi 240, chini ya 272 vinavyohitajika, ikabidi iongoze kwa msaada wa washirika. Waliofanya hivyo hawakukipenda sana chama kingine, wengi waliadhibu tu. Angalia pia nani hajisumbui kwenda: maeneo ya kati na kusini ya Bengaluru, penye wasomi na kampuni za kompyuta, mwaka huo yaliishia juu ya nusu kidogo tu. Vijijini na kwa maskini foleni huwa ndefu.

Binti Jamnagar (Upanga)

Sisi ni Watanzania wa asili ya Gujarat, familia ya mama bado ina watu Surat. Binamu yangu 2024 ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kupiga kura ya bunge. Kadi anayo, jina limo, ameshapanga na wenzake picha ya kidole chenye wino.

Hakupiga. Fomu ya mgombea wa Congress ilikataliwa kwa sababu waliomdhamini walizikana sahihi zao, waliobaki wakajitoa mmoja mmoja, na mgombea wa BJP, Mukesh Dalal, akatangazwa mbunge mwezi Aprili bila mtu yeyote kugusa mashine. Wapiga kura zaidi ya milioni moja na nusu mjini mle hawakuulizwa.

Kule kuna kitufe cha NOTA, yaani simtaki yeyote kati ya hawa. Mahakama ya Juu ndiyo iliyoagiza kiwekwe, 2013. Binamu yangu alitaka angalau nafasi ya kukibonyeza, lakini mgombea akibaki peke yake hakuna kura kabisa, kwa hiyo na hicho hakipo. Mwaka huohuo Indore mgombea wa Congress alijitoa dakika za mwisho akahamia BJP. Huko kura ilipigwa kwa kuwa wagombea wengine walikuwapo, na zaidi ya watu 218,000 wakabonyeza NOTA, ikashika nafasi ya pili. Mshindi alikuwa mbele kwa zaidi ya kura milioni moja, sawa. Ila hata NOTA ingeongoza, sheria inampa kiti anayefuata. Hilo ndilo linalomkera binamu yangu: wamepewa sauti ya kukataa, lakini kukataa kwao hakubadilishi kitu.

Wakili Msomi

Nilisoma Aligarh, Uttar Pradesh. Naomba nieleze jambo moja kwa kirefu maana linaeleweka vibaya.

Kila mgombea India lazima aape kwa maandishi mali zake, elimu yake na kesi za jinai zinazomkabili. Haki hii haikuletwa na chama chochote. Maprofesa wa chuo cha uongozi cha Ahmedabad walianzisha ADR, shirika la kiraia linalofuatilia uchaguzi, mwaka 1999 wakaenda mahakamani. Mahakama ya Juu ilipokubali, 2002, vyama vinavyotukanana kila siku vilikaa meza moja kuipinga amri, vikapitisha sheria ya kuipunguza makali. Mahakama ikaifuta sheria hiyo 2003. Ndiyo maana leo tunajua kwamba wabunge waliotangaza kesi za jinai walikuwa asilimia 30 mwaka 2009, 34 mwaka 2014, 43 mwaka 2019 na 46 mwaka 2024.

Sasa, jirani yangu Aligarh alikuwa na duka la kufuli (mji huo unajulikana kwa kufuli). Alimpigia mtu mwenye kesi, na alizijua. Nikamwuliza kwa nini. Akasema polisi wakimsumbua, mtu msafi ataandika barua, lakini huyu atapiga simu na kesho duka linafunguliwa. Kwa hiyo kumpa taarifa zaidi hakutoshi. Mpaka kituo cha polisi kimhudumie bila kumjua mkubwa, ataendelea kumhitaji mkubwa. Hapo ndipo mimi naona mageuzi mengi yanakosea njia, yanamfundisha mpiga kura kitu ambacho tayari anakijua.

Na kwenye pesa ni hivyohivyo. Hati za michango zilizoanza kuuzwa 2018 kupitia Benki ya Taifa ya India zilimwezesha tajiri kukichangia chama bila mwananchi kujua. Mahakama ikazifuta tarehe 15 Februari 2024. Orodha ilipotoka, mchangiaji wa kwanza alikuwa kampuni ya bahati nasibu, na karibu nusu ya fedha zote zilikwenda BJP. Mgombea ana kikomo cha matumizi, chama hakina.

Ami wa Ruwi

Assalaam alaykum. Mimi niko Maskati, kazini nimezungukwa na watu wa Kerala. Wao wana hamu ya siasa kuliko watu wote niliowahi kuishi nao, lakini kupiga kura wakiwa huku hawawezi. Tangu 2011 sheria inawaruhusu kujiandikisha, ila lazima mtu afike kituoni kwao kwa miguu yake. Mswada wa kumruhusu mtu kumtuma mwakilishi ulipita bunge la chini 2018, ukafia njiani. Mwaka 2024 vyama vyao vya huku Ghuba vilikodi ndege kupeleka wapiga kura.

Swahibu yangu mmoja, fundi umeme, hakwenda. Tiketi na siku za kukatwa mshahara zingemla fedha ya ada ya mwanawe. Anasema kila chama kikija Ghuba hukumbuka kuomba mchango, na kikirudi Delhi husahau mswada.

Dada wa Munirka

Nilikuwa Delhi masomoni 2013 hadi 2015, kipindi cha Aam Aadmi, chama kilichotokana na vuguvugu la kupinga rushwa. Kijana wa familia niliyopanga kwao alikuwa uwanja wa Ramlila Maidan na mwanaharakati Anna Hazare 2011, kisha akaingia chama hicho kipya cha Arvind Kejriwal, chenye alama ya ufagio. Wakuu, sijawahi kuona watu wakiamini vile. Serikali ya kwanza ilidumu siku 49. Februari 2015 wakarudi na viti 67 kati ya 70 vya bunge la Delhi, mtaa mzima ukacheza ngoma.

Tumeendelea kuwasiliana. Anakiri mema: kliniki za mitaani, umeme wa bure hadi uniti 200. Lakini anasema chama kilichozaliwa kuwakataa wakubwa kilianza kuwa na mkubwa mmoja, waliohoji wakatimuliwa mwaka uleule wa 2015. Kejriwal akakamatwa Machi 2024 kwa kesi ya sera ya pombe, ambayo yeye anaikana. Februari 2025 chama kikabaki na viti 22, na Kejriwal mwenyewe akashindwa. Rafiki yangu hakwenda kupiga kura siku hiyo. Ni mtu aliyewahi kulala barabarani kwa ajili ya siasa.

Fundi Bengaluru

Nyongeza fupi. Vibarua wengi wa majengo Bengaluru wanatoka jimbo la Bihar, mbali kaskazini. 2025 Tume ilipohakiki upya daftari la Bihar, majina takribani milioni 6.5 yaliondolewa kwenye rasimu. Tume ikasema ni waliokufa, waliohama na waliojirudia, upinzani ukalalamika kwamba wenye haki wameondolewa. Mmoja niliyefanya naye kazi alisafiri hadi kwao kwenda kutafuta karatasi, akaacha ujira. Alijirudisha. Wenzake kadhaa walishindwa nauli.

Mwenyeji wa Pune

Asanteni sana. Naona wote tumeongelea bunge na majimbo. Kuna aliyeishi vijijini akaona uchaguzi wa panchayat, yaani mabaraza ya vijiji, hasa viti vya wanawake vilivyowekwa kikatiba tangu miaka ya 1990? Ningependa kujua kama huko chini wanaviamini vyama zaidi, au wanachagua mtu tu.